Hori Juu ya Kofia

Jumamosi, 10 Oktoba 1970

Tak. Sauti hiyo nimetoka nayo Kuwait na haijaniacha. Yule mama wa Kizungu mwenye mvi aliyetuuzia hili gari la kulala ndani alisimama humo, akapeleka mkono juu, akasukuma kifungo cha chuma. Tak. Akasukuma cha pili. Tak. Paa likainuka upande mmoja, kama mtu anayevua kofia kukuamkia. Turubai la mistari likakunjuka, mwanga ukaingia. Seif akacheka. Mimi sikucheka. Nilijua pale pale kuwa nimepata chumba.

Leo kama jana. Baada ya Alasiri nimeosha vyombo, nimeanua nguo, nimevuka ua mpaka kisimani linapokaa gari. Nimeingia, nimefunga mlango, nimefungua paa. Kofia, ndilo jina tulilolipa paa hilo. Juu kuna kitanda cha turubai, upana wa mtu mmoja asiyegeuka sana. Kidirisha cha wavu. Naona vichwa vya mitende ya Wadi Kabir na mlima mweusi nyuma yake. Mimi naona, sionekani. Kiasi cha saa moja na nusu mpaka Magharibi. Hiyo ndiyo siku yangu. Iliyobaki ni ya watu.

Nyumba ya Ami ina watu kumi na wanne. Sijapata kuwa mpweke namna hii.


Jumapili, 11 Oktoba

Niandike mambo yalivyo, nisiyapambe.

Hii ni wiki ya tano Maskati. Baba yuko kaburini Unguja. Mama yuko kaburini Kuwait. Nimebaki na kaka yangu Seif, na Seif amebaki na kazi. Ofisini kwao wanamhitaji kwa sababu anajua Kiingereza, wanampa barua za kufasiri mpaka anarudi na wino kwenye mkono wa kanzu. Ami Hamad, mdogo wake Baba, hajawahi kutoka nchi hii. Katupokea vizuri. Mkewe naye katupokea vizuri, ananiita bint Zinjibar, na hana ubaya. Ila Kiarabu changu ni cha darasani. Nikifungua mdomo, mabinti zake wanatazamana. Mmoja alisema: "Anazungumza kama redio." Tangu siku hiyo wakitaka kucheka wananiomba niwatangazie habari.

Niliwatangazia mara moja. Sirudii.

Seif ndiye anayeniumiza. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiarabu. Anasema watu wakitusikia watadhani tunawasengenya. Huenda ni kweli. Neno la mwisho la Kiswahili nililolisikia kutoka kinywani mwake lilikuwa Alkhamisi, alipojigonga kidole cha mguu kwenye ndoo. Siliandiki.


Jumatatu, 12 Oktoba

Leo kaja dereva wa lori kutoka Barka, kaleta tende na salamu. Salamu ni za Shangazi Zuwena, dada yake Baba. Alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne pamoja na mumewe. Sasa ni mjane, anakaa peke yake huko pwani ya Batina na ng'ombe mmoja. Nilimwona mara ya mwisho nikiwa na miaka kumi na sita.

Anamwomba Seif amletee hori.

Ami alimuuliza dereva mara mbili, dereva akaapa. "Huri. Kasema huri. Kalirudia mara tatu, na mkono anafanya hivi." Akafanya kwa mikono miwili umbo refu, kama mtu anayepima samaki.

Mtumbwi. Wavuvi wa hapa wanauita hivyo, huri, gogo moja lililochimbwa katikati, linaletwa kutoka Malabari, Uhindini. Mke wa Ami alicheka mpaka akashika nguzo. "Mjane wa miaka sitini! Anataka kwenda kuvua?" Ami alisema pengine anataka kuwakodisha wavuvi. Mimi sikuona ajabu. Shangazi tangu zamani hakuwa mtu wa kuulizwa kwa nini.

Seif akasema tutampelekea. Kwa aibu, naamini. Wiki tano tuko hapa na hatujaenda kumwona.


Jumatano, 14 Oktoba

Kwaruzo moja refu. Nilikuwa jikoni. Nilitoka na mikono ya unga.

Wanaume sita walikuwa wamelibeba hori wakilipandisha juu ya gari. Seif kalipata Matrah, la zamani, limekarabatiwa, linanuka mafuta ya papa. Kaweka mbao mbili kukatisha paa, juu ya mbao magunia, juu ya magunia hori. Kalifunga kwa kamba ya usumba wa nazi, mbele na nyuma na ubavuni. Hori ni refu kuliko gari. Pua yake inatokeza mbele kama mamba anayechungulia. Watoto wote wa Ami wamepanda ukutani kutazama.

Walipoondoka nikaingia ndani ya gari. Nikapeleka mkono juu. Tak. Tak. Vifungo vimefunguka vyote viwili. Paa halikuinuka hata upana wa kidole.

Nikavifunga tena. Nikarudi kwenye unga.

Seif anasema tunaondoka Ijumaa. Siku mbili. Naweza siku mbili.


Ijumaa, 16 Oktoba

Hatukwenda. Ofisini wamemwita. Wageni wamekuja na lazima mtu awafasirie.

Ijumaa ijayo.


Jumamosi, 17 Oktoba

Nimejaribu kukaa ndani paa likiwa limefungwa. Huwezi kusimama, kichwa kinagusa. Huwezi kulala, kile kitanda cha juu kimekunjwa, kimebanwa na paa. Nilikaa chini karibu na jiko dogo, magoti kidevuni. Joto linashuka kutoka juu kama mtu anakuegemea. Mwanga ni ule wa pazia tu, wa kijani. Nilijaribu kuandika. Jasho likadondoka juu ya neno.

Kisha mke wa Ami akagonga kioo. Aliuliza kwa wema kabisa: "Una nini humo, binti? Unaumwa?"

Nikasema natafuta sindano.


Jumatatu, 19 Oktoba

Nimemwomba Seif alishushe mpaka siku ya safari. Aliniambia, kwa Kiarabu, kwamba alilipandisha kwa watu sita.

"Siwezi kuwaita watu sita kwa sababu unataka mahali pa kusoma."

"Sitaki kusoma."

"Unataka nini?"

Ningemwambia nini, kwa lugha ile au kwa hii? Kwamba nataka saa moja na nusu kila siku ya kutokuwa bint Zinjibar? Kwamba ndani ya lile turubai najisikia nikifikiri? Angeniona nimepata homa.

Akasema: "Subiri Ijumaa." Akanipiga bega, kama anavyowafanyia wale wa ofisini.

Nina hasira. Naiandika hapa kwa kuwa hapana pengine pa kuiweka.


Jumanne, 20 Oktoba

Joto. Vyombo. Nguo. Hakuna kilichosemwa nami leo ambacho hakikuwa amri au mzaha.


Alkhamisi, 22 Oktoba

Jambo jipya, na baya.

Jana Seif alikwenda pwani ya Qurum na wenzake wa ofisini, na hori juu. Walilishusha, wakapiga kasia, wakapinduka, wakacheka. Karudi kalowa mpaka kilemba. Nimemwona ana furaha, nayo ni kitu sikukiona kwake tangu Mama alipofariki. Lile hori lilirudi juu ya paa na mchanga wake.

Leo wakati wa chakula alimwambia Ami kuwa gari sasa limekamilika. Kwamba Shangazi akiona hori ni kubwa mno kwake, hapana neno, atakaa nalo yeye, watakwenda nalo kila wiki. Wenzake wamekwisha mpangia. "Litakaa pale pale juu, kulipandisha na kulishusha kila mara ni kazi."

Litakaa pale pale juu.

Niliinuka kuchukua maji ambayo hakuna aliyeyataka.

Basi sasa najua ninachokiomba. Naomba Shangazi alipende hori. Naomba awakodishe wavuvi wote wa Barka, awe tajiri wa mahori, lisirudi tena Wadi Kabir.


Ijumaa, 23 Oktoba. Barka

Nimefika mahali penye mkeka na taa, na nina mengi ya kuandika. Nianze na njia.

Tuliondoka baada ya Alfajiri, mimi na Seif peke yetu. Mpaka Ruwi barabara nzuri. Baada ya hapo ni vumbi na mawe, na kila gari limechagua njia yake. Tulipokwenda mbio kidogo, upepo ulipita katika zile kamba zikaanza kuvuma, sauti nene, moja, haipandi wala haishuki. Seif alijaribu kuongea juu yake, akachoka. Saa mbili nzima tulikwenda tukisikiliza kamba. Nilimtazama kwa upande. Kakonda. Nilitaka kumwambia. Sikujua nimwambie kwa lugha gani.

Kupita Sib tulivuka wadi, mto mkavu. Gari liliinamisha kichwa kushuka na hori likateleza mbele. Pua yake ikaja mbele ya kioo, tukaona ubao badala ya njia. Seif akakanyaga breki. Vumbi letu wenyewe likatupita.

Alishuka, akazunguka, akavuta kamba, akafunga fundo lile lile lililokwisha legea. Nikashuka nami. Nilimwambia: kamata hapa. Nikalifungua lote, nikalifunga upya kama kinavyowambwa kitanda cha kamba, kwenda na kurudi, kila mzunguko unakaza wa kabla yake. Mama alinifundisha, nikiwa na miaka tisa, katika baraza la nyuma. Mikono ilikumbuka bila mimi. Seif alinitazama. Alisema kitu kidogo kwa Kiarabu, kwamba ningekuwa mwanamume angenipeleka bandarini. Nikachukulia kuwa ni sifa.

Halikusogea tena.

Tulifika Barka kabla ya swala ya Ijumaa. Nyumba ya Shangazi ni ya makuti ya mtende, imezungushiwa ua, nyuma yake bustani, na bahari haionekani ingawa inasikika. Alitoka na kanga mbili. Kanga! Moja kiunoni, moja kichwani, zimepauka mpaka maandishi hayasomeki. Nilikuwa sijaiona kanga nje ya sanduku langu miezi mingapi. Alinishika uso kwa viganja viwili, hakunisalimu kwanza.

"Umekuwa Mama yako," alisema. "Yule yule. Hata hilo jicho la kununa."

Kisha akaona juu ya gari.

"Hiki kitu gani?"

"Hori, Shangazi," Seif akasema. Kwa Kiswahili, kwa kuwa hapo hakuwa na budi.

"Hori la nani?"

"Lako. Ulilotuagiza."

Wanaume wa jirani walikuwa wamekwisha kuja, watu wanane, na kwa kuwa ni watu wa kazi hawakungoja kuambiwa. Walifungua kamba zangu, wakalishusha, wakalitia mabegani, wakasimama nalo. Mmoja akauliza kwa Kiarabu: "Wapi? Baharini?"

Shangazi alilizunguka. Akaligonga kwa kidole kama anapima jungu.

"Mie n'ende wapi na hiki? N'kavue papa? Nlimwambia yule dereva hori. Hori la ng'ombe! Zaitun anakula chini, mchanga unamwingia tumboni, anakohoa kama bwana harusi mzee. Sikujua wenyewe wanaitaje kwa Kiarabu, nkamwambia hori, hori, nkamwonesha na mikono."

Akaonesha kwa mikono. Umbo refu, kama mtu anayepima samaki.

Wale wanane wako palepale na gogo mabegani. Yule wa mbele akauliza tena, sasa kwa kuhema: baharini au wapi?

Shangazi alinyoosha mkono kwenye banda. "Kwa ng'ombe," alisema.

Hapo ndipo alipoanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini mchangani. "Nimeomba bakuli, nimeletewa meli! Zaitun, njoo uone, umeletewa meli!" Seif alikuwa mwekundu. Mimi nilicheka. Sauti yangu ilinishtua, ilikuwa kubwa.

Sasa nimetulia na nafikiri. Niliposikia hori kwa yule dereva, mimi niliyesoma, mimi ninayejua hori la ng'ombe tangu kitabu cha darasa la pili, sikulikumbuka. Nilisikia huri. Nilifikiri Kiarabu. Mara ya kwanza katika maisha yangu nimefikiri Kiarabu bila kujilazimisha, na ndipo nilipokosea.


Jumamosi, 24 Oktoba

Seif anasema litarudi nasi Jumatatu asubuhi, ana ruhusa mpaka siku hiyo. Alisema wakati wa kahawa, na kwa upole, maana jana yeye naye kacheka mwishowe. Ng'ombe mmoja hana haja na hori la watu wanne. Atamletea Shangazi pipa la chuma lililokatwa nusu, linatosha na linabaki. Hori litarudi juu ya paa, na wenzake wanamngoja.

Ana haki. Kila alichosema kina haki. Shangazi alijibu: "Sawa, baba," kama mtu aliyezoea kuambiwa ataletewa kitu wiki ijayo.

Nilikwenda bandani. Hori limelala pembeni mwa ukuta wa makuti, kubwa kuliko banda. Zaitun kaligeuzia mgongo. Ni ng'ombe mdogo, mwekundu, wa hapa, wanawalisha tende na dagaa wakavu waliochemshwa, na pumzi zake zinanuka bahari. Shangazi alikuja na ndoo akaanza kumsemesha. Nilidhani anasema nami, nikaitika.

"Si weye," alisema. "Nnamwambia huyu. Tangu marehemu anitoke n'na huyu tu wa kumwambia. Anajua Kiswahili kuliko Ami yako. Zaitun, sogea." Zaitun akasogea.

Akasema tena, bila kunitazama: "Mwezi wa Ramadhani wiki ijayo. Nkifungua, nampa na yeye tende yake. Tunafungua wawili."

Alisema hivyo hivyo tu. Hakuwa ananiomba kitu. Ndiyo sababu silisahau.

Nilikuja hapa kuokoa chumba changu. Chumba cha turubai, upana wa mtu mmoja. Nitarudi Jumatatu nikiwa nimekaa chini ya gogo, magoti kidevuni, nasikiliza kamba. Na wiki zote zijazo. Mtu mzima anaweza kulia kwa sababu ya paa la gari? Naandika swali. Jibu nalijua.


Jumapili, 25 Oktoba

Nimefanya jambo. Niliandike kwa mpango.

Baada ya Alfajiri Seif alirudi kulala. Shangazi alikuwa akimkamua Zaitun. Nilisimama mlangoni nikauliza kama hori la ng'ombe halitobolewi tundu.

"Hutobolewa," alisema. "Chini, upande mmoja. Ukiliosha maji yatoke. Bila ya hivyo linavunda."

Nikasema: "Hili halina."

Aliacha kukamua. Alinitazama muda mrefu, na mimi nikamtazama. Akafunika maziwa, akaingia ndani, akatoka na keekee ya kutobolea mbao, na upinde wake. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa milango. Keekee yake imefungwa kitambaa, imepakwa mafuta, kama inangojea kazi kesho.

"Mie n'talizuia," alisema. "Weye vuta upinde."

Mbao ya Malabari ni ngumu. Vumbi lake jekundu, linanuka tamu. Nilivuta mpaka bega likawaka. Mara ya kwanza ncha ikateleza. Mara ya pili ikauma. Shangazi alikuwa amelalia hori kwa kifua chake chote na kanga imemvuka kichwani, anasema taratibu, polepole, usilivunje, ndivyo, ndivyo. Nikasikia keekee imelegea ghafla. Imetokea upande wa pili. Nikaingiza kidole. Kikapita.

Hori lililotobolewa chini si la baharini tena. Najua linaweza kuzibwa. Seif, aliyepinduka nalo Qurum likiwa zima, hatalikalia likiwa limezibwa.

Alitokea mlangoni, macho ya usingizi. Aliona keekee, aliona vumbi, aliona kidole changu.

"Umefanya nini, wewe? Una wazimu? Una akili wewe? Hori zima, mbao nzima, mtoto gani wewe usiyeambilika..."

Aliendelea. Alisema mengi, na yote kwa Kiswahili, cha Unguja, cha nyumbani, cha kupayuka, na mkono kiunoni kama Mama. Wiki sita nimemngoja. Nilifurahi hata nikasahau kujitetea. Alipoona nimetabasamu alizidi kukasirika. Alimgeukia Shangazi.

"Na wewe Shangazi umemwachia!"

"Nlimshikia," alisema Shangazi.

Seif alikaa juu ya ukingo wa hori. Alitia kidole chake tunduni, akakitoa. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Basi paa lako hilo. Kafungue."

Kumbe alijua. Siku zote alijua nilichokuwa nataka.

Nilikwenda. Nilipanda. Tak. Tak. Paa likainuka, likamwaga mchanga wa Qurum na magamba mawili ya samaki. Turubai limekunjamana lakini halikuchanika. Nikalala juu ya kitanda changu. Kidirisha cha wavu. Vichwa vya mitende, mitende mingine, hakuna mlima. Nikangoja ile raha ije.

Chini nilimsikia Shangazi: "Kula, Zaitun. Usinitie aibu mbele ya wageni. Kula, hii meli yako."

Nikauliza kutoka juu, kabla sijaamua kuuliza: "Anakula?"

"Anakula! Anasimama upande huu anafikia upande huu tu, mpumbavu. Shuka uone."

Nikashuka. Sidhani nilikaa juu muda wa kuchemsha kahawa.


Jumanne, 27 Oktoba

Gari limeondoka jana, saa mbili asubuhi.

Nilipanda kwanza. Nilitoa godoro langu, vitabu sita, shajara hii, kanga za Mama. Kisha nikavuta paa chini kwa uzito wangu wote na kuvisukuma vifungo. Tak. Tak. Nimevifunga mwenyewe. Seif alidhani natoa vumbi. Alipoliona godoro liko chini mlangoni kwa Shangazi ndipo nilipomwambia kuwa nabaki, na wakati huo hapakuwa na la kuzungumza. Alisema Ami atauliza. Nikasema mwambie niko kwa dada yake. Alisema wanatafuta walimu wa shule ya wasichana Maskati. Nikasema wakinihitaji nitakuja, ila aniletee habari kwa barua, si kwa mdomo wa dereva.

Alicheka. Akaagana nasi kwa Kiswahili.

Limekwenda bila sauti ile ya kamba. Kofia tupu juu, nyeupe, ndogo kuliko nilivyodhani. Nililitazama mpaka bustani ya mwisho. Shangazi hakunishika mkono. Alikwenda kumpa Zaitun maji.

Upweke haukuondoka na gari. Uko hapa, unakaa nasi, na Shangazi anao wake. Anazungumza sana, halafu hazungumzi kabisa, na hapo ni lazima nitoke nje nitazame mitende. Ng'ombe anakohoa bado. Usiku nitaisikia bahari nisiyoiona.

Kulikuwa na fremu ya kitanda nyuma ya nyumba, miguu minne mizima, haina kamba. Leo nimekiwamba. Kwenda na kurudi, kila mzunguko unakaza wa kabla yake. Nimekiweka ukumbini, pasipo mlango. Zile kamba za hori zimetosha. Kipande kimebaki, nimekifungia ndoo.